Waya Mfupi wa Bwana Kalisa

Ndugu zangu wa Kagarama hapa Kigali, na nyinyi wa mitaa mingine mtakaosimuliwa habari hizi, mimi naitwa Mukamana. Nina miaka hamsini na sita, nilizaliwa Karagwe upande wa Tanzania, nikarudi nyumbani nikiwa msichana mkubwa. Huu ni mwaka wangu wa tano nikiwa mutwarasibo wenu, kiongozi wa nyumba ishirini na mbili kuanzia pale lami inapoishia hadi kule mtaroni. Ndimi ninayebisha milango yenu kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mkiwa bado na matongo machoni, nikiwaita kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Najua mnavyonisema. Nisemeni tu. Lakini leo nisikilizeni mpaka mwisho, maana kusikiliza nusu ndiko kulikotaka kutuzikia watoto wawili kwa siku moja.

Nyumba ninayotaka kuwaeleza mnaijua wote. Ni ile ya geti la kijani, ya Bwana Kalisa na mkewe Shallon. Hawa wamekulia Kampala, wana kazi nzuri za ofisini, na Mungu amewapa binti mmoja, Pretty, wa miaka saba. Nyuma ya nyumba yao kubwa kuna nyumba ndogo ya uani, vyumba viwili vya rukarakara, yale matofali mabichi ya udongo ya babu zetu, yamepakwa saruji kwa juu ili yapendeze. Humo walipanga Niyongabo na mkewe Joselyne, Warundi wa Bujumbura. Niyongabo ni mwashi, wiki nzima yuko kwenye ujenzi kule Bugesera. Joselyne hubaki na mtoto wao Ingrid, wa miaka mitano.

Kama mngepita pale asubuhi yoyote ya mwaka jana, mngependa. Shallon akianika nguo, Joselyne akichambua maharage kwenye ungo, Pretty na Ingrid wakiruka kamba katikati ya ua, wakihesabu kwa lugha tatu na kukosea katika zote. Mwenye nyumba na mpangaji walikula kutoka sufuria moja siku za sikukuu. Hakukuwa na neno baya kati yao. Nawaambia haya ili mjue kwamba shetani hakuikuta nyumba ile ikiwa na mlango wazi. Alifunguliwa.

Mnakumbuka mkutano wetu wa Februari, baada ya umuganda? Alikuja mama mmoja kutoka wilayani, tukakaa kwenye nyasi tukamsikiliza. Akaeleza kwamba serikali inataka tupunguze moshi mjini, na kwa hiyo magari ya umeme yanaingia nchini bila ushuru, na vituo vya kuchajia vinapewa umeme kwa bei ya viwanda. Kalisa alikuwa amekaa mbele yangu. Aliposikia "bila ushuru" aligeuka akanikonyeza, akasimama, akatoka na simu sikioni kumpigia rafiki yake Johnson, anayeagiza magari kutoka ng'ambo.

Yule mama alikuwa hajamaliza. Aliendelea kusema kwamba atakayetaka kuchajia gari nyumbani asilichomeke ovyo, atafute fundi mwenye kibali, awekewe laini ya gari peke yake. Nyaya za nyumba zetu nyingi, alisema, ni za balbu na redio. Alilisema hilo mara mbili. Kalisa wakati huo alikuwa chini ya mnazi wa simu, yaani ule mnara wetu wa mtandao, anacheka na Johnson.

Gari likafika mwezi wa saba. Jeupe, linang'aa, halina mlio. Lilipoingia mtaani watoto walilikimbilia, na kwa kuwa halikunguruma kuku wangu mmoja nusura aende nalo. Tukaalikwa, tukanywa fanta na bia, tukala nyama choma. Kalisa alisimama katikati ya ua akasema kwa sauti, "Serikali imesamehe kodi yote! Sasa niseme nini? Nikatae?" Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, sitawadanganya.

Siku ileile alikuwepo Jean-Berchmans, fundi wetu wa umeme, yule mzee wa mvi ambaye kila akimaliza kazi husema "Voilà". Alizunguka uani huku mikono iko nyuma, akatazama nyaya, akatazama chaja iliyokuja na gari. Kisha akamwita Kalisa pembeni, nami nilikuwa karibu na sahani yangu.

"Bwana Kalisa," alisema, "hii gari inakunywa umeme masaa nane bila kupumua. Hizi nyaya za huku nyuma haziwezi. Nikuvutie laini mpya kutoka kwa mita, na breka yake peke yake. Siku moja, mbili, nimemaliza."

"Mzee, gari ni ya kuchomeka tu, kama simu."

"Simu haiunguzi nyumba."

"Banange, serikali imesamehe kila kitu, wewe ndiyo unaniletea ushuru wa kwako?"

Watu wakacheka. Jean-Berchmans hakucheka. "Serikali imesamehe kodi," alisema, "waya haikuwa kwenye ule mkutano." Akaaga, hata nyama hakumaliza.

Sasa sikilizeni alichofanya Kalisa, maana hapa ndipo pa kujifunza. Zile fedha alizookoa kwa msamaha wa kodi alinunulia rimu za kung'aa na viti vya ngozi. Kwa upande wa umeme alikwenda duka la vifaa pale Sonatubes, akanunua soketi moja. Akaifunga mwenyewe kwenye ukuta wa nyumba ya uani, pembeni mwa mlango wa Joselyne, akaiunganisha na waya mwembamba uliokuwa mle ukutani tangu nyumba ijengwe. Kwa nini pale na si kwingine? Kwa sababu waya wa chaja ulikuwa mfupi, na pale ndipo gari lingefika bila gharama nyingine. Rahisi huvunja upishi, Waswahili walishasema.

Na kwa kuwa waya ni mfupi, ilibidi gari lisukumwe mpaka karibu kabisa na ukuta. Mlango wa Joselyne ni wa chuma, unafungukia nje. Gari likiwa pale, mlango ulifunguka kiasi cha kupita mtu mwembamba kwa ubavu. Joselyne ni mwembamba. Alipita akiwa na ndoo kichwani, akivuta tumbo. Hakulalamika, maana mpangaji analalamika kwa nani?

Wiki ya kwanza umeme ulikatika kila gari lilipochomekwa. Ile breka, kile kidude kinachojizima chenyewe kikizidiwa, kilikuwa kinafanya kazi yake. Kinasema, jamani mzigo huu siuwezi. Kalisa alichukia. Akakitoa, akaweka kikubwa zaidi kisichozimika hovyo. Mlinzi amepiga kelele usiku kwamba kuna mwizi, wewe unamfukuza mlinzi ulale. Tangu siku hiyo hakuna kilichojizima, na Kalisa akajiona fundi.

Mwezi wa tisa ulipokaribia kuisha, Joselyne alimfuata uani. Alinisimulia mwenyewe baadaye, neno kwa neno.

"Boss, ile ukuta ya mlangoni iko moto. Ukiweka mkono unaondoa."

"Ni jua, Joselyne. Ukuta inaangalia jua."

"Boss, ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Na kuna harufu, kama sahani ya plastiki imeanguka kwa makaa."

"Umesoma umeme wapi?" Kalisa alimwuliza. "Kama nyumba imekushinda, Kicukiro vyumba viko vingi."

Joselyne akarudi ndani. Kisha akaja kwangu. Ilikuwa Jumatano, nakumbuka nilikuwa namenya ndizi. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mama Mukamana, naomba umwambie wewe. Wewe unaogopewa. Mimi nikiongea tena atanitoa, na Niyongabo hayuko."

"Nitamwambia," nikasema.

Wapendwa, nilikusudia kumwambia. Alhamisi yake nilikuwa nakwenda soko la Kimironko kutafuta vitenge vya sherehe ya mpwa wangu. Nimesimama kituoni, jua linanichoma, mara gari jeupe likasimama mbele yangu. "Panda, mama!" Nikapanda. Kiti laini, hewa baridi, muziki wa kwaya taratibu. Kalisa akanishusha mpaka mlangoni mwa soko, akanipigia na saluti. Njia nzima nilikuwa na lile neno mdomoni, nikaona haya kumharibia mtu asubuhi yake kwa habari za ukuta. Nikasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho ikaja na mambo yake.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Mvua zilikuwa zinakaribia, kazi yetu ilikuwa kuzibua mtaro kule bondeni. Saa moja na nusu nilikuwa nabisha milango na orodha yangu mkononi. Gari lilikuwa limechomekwa, limebana mlango kama kawaida. Joselyne akachungulia katika ule upenyo.

"Mama, Ingrid ameamka na homa. Naweza kubaki?"

Mtoto mgonjwa ni sababu, sheria haikatazi, na mimi naijua. Lakini nilikuwa nimeshasikia homa tatu asubuhi ile, na mgongo mmoja, na msiba wa shangazi niliyemwona juzi akicheza harusini. Nikamjibu kwa hasira za wengine.

"Kila Jumamosi ya mwisho homa zinazaliwa upya humu. Njoo uandikwe, fanya saa moja, halafu urudi kwa mtoto."

"Yego, mama," akaitikia. Kisha akaniuliza polepole, "Na ile neno? Ulimwambia?"

"Leo kwenye mkutano," nikasema.

Akatoka kwa ubavu, akaurudisha mlango nyuma yake bila kufunga kitasa. Ingrid alikuwa amelala chumba cha ndani. Shallon na Kalisa nao wakatoka, Pretty wakamwacha sebuleni na katuni zake.

Kule mtaroni kazi ilikwenda na utani wake. Kalisa alikuwa na buti mpya, ameegemea jembe, anaongea zaidi ya kuchimba. Melchior alimtania. Melchior huyu ana kiwanja nyuma ya nyumba ya Kalisa, mwanamume wa kifua, anauza mbao.

"Kalisa, jembe linakungoja."

"Ningoje kidogo, ndugu yangu. Leo niko na raha. Gari nimeiacha inakunywa. Watu wote wako huku, hakuna pasi, hakuna jiko la umeme. Umuganda ndiyo siku yake, umeme wote ni wake."

Joselyne alikuwa ndani ya mtaro, hatua tatu kutoka kwake. Alisikia, akainua kichwa akatazama juu kilimani. Nilimwona uso wake unabadilika kabla sijaona alichokiona.

"Moshi," alisema.

Nikatazama. Ulikuwa uzi mwembamba juu ya mapaa, mweusi. Nikasema labda kuna mtu anachoma takataka. Joselyne alitupa sepetu na kuanza kupanda kilima akiwa na kiatu kimoja, kingine kimebaki kwenye tope. Akawa anapiga kelele jina la mtoto wake, na hapo sote tukakimbia, watu kama hamsini, na majembe na sururu zetu mikononi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuziweka chini.

Tulipoingia getini, moto ulikuwa mlangoni hasa. Soketi ilikuwa imeyeyuka, ukuta umepasuka kufuata njia ya waya mpaka juu, na dari la shiti ya plastiki lilikuwa linadondosha matone ya moto. Pazia la mlango lilishaungua. Katika ule upenyo ambao Joselyne alikuwa akipita kila siku ulitoka moshi mzito wenye harufu chungu. Na mbele ya mlango, jeupe, rimu zake zinang'aa, limekaa gari.

Watu wakashika madumu ya maji. Jean-Berchmans akapiga kelele sauti ikakatika. "Maji hapana! Hapana maji! Nizime kwanza!" Akakimbilia sanduku la mita getini, lilikuwa na kufuli, akalipiga kwa jembe mara tatu.

Joselyne alitaka kujipenyeza mlangoni. Nikamkamata kiunoni, mimi na Shallon, akatuburuta wote wawili. "Ingrid! Ingrid wangu iko ndani!" Alinikwaruza mkono, alama hii hapa, sitaki ipone.

"Gari litoke!" Melchior alipaza sauti. "Kalisa, ufunguo!"

Kalisa akafika, anahema, akaingia nusu garini. Halikuondoka. Gari lile likiwa limechomekwa halitembei, ndivyo lilivyotengenezwa, na kichwa cha chaja kilikuwa kimejifunga, kimenata kwa joto. Melchior hakungoja. Alisema tunavunja kioo tupate pa kushika, tunalibeba kwa nguvu lisogee hata shubiri mbili. Akainua sururu yake juu ya kioo cha mbele.

Na Kalisa akaushika mkono ule.

"Msivunje gari yangu!" alilia. "Taratibu, jamani! Msivunje gari yangu!"

Tulisikia wote. Hata moto nadhani ulisikia. Melchior alibaki na sururu hewani, anamtazama kama mtu anayetazama kichaa. Sijui ilikuwa muda gani. Labda ni pumzi tano. Jaribuni kuhesabu pumzi tano huku mtoto yumo ndani.

Ndipo ikatoka sauti mle ndani ya moshi, nyembamba, inakohoa.

"Papa!"

Haikuwa ya Ingrid. Shallon alimwachia Joselyne. Ilikuwa ya Pretty. Katuni zilimchosha, akaenda kumwonyesha rafiki yake daftari lake la picha. Upenyo ule kwa mtoto ni mlango wa kutosha.

Kalisa alimnyang'anya Melchior sururu akakipiga kioo, akapiga na mlango wa gari, akapiga na boneti, akipiga ovyo na kulia. Sasa alikuwa akilivunja yeye mwenyewe, wala hakukuwa na faida tena, maana dari la mbele lilikuwa linaanguka na hapakaribiki.

"Nyuma!" Jean-Berchmans alirudi mbio, umeme ameshauzima. "Ni rukarakara, ni udongo tu! Ukuta ya nyuma! Piteni kwa Melchior!"

Wenye maji wakabaki mbele, sasa wakiruhusiwa kumwaga. Sisi wengine tukazunguka kwenye kiwanja cha Melchior, tukaangusha mbao zake, tukaukuta ukuta ule usio na dirisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba, na ikabidi tubomoe. Sururu kumi zilipanda na kushuka, hakuna aliyepanga zamu. Saruji ya juu ikabanduka, matofali yakaanza kumung'unyuka. Joselyne alikuwa anachimba kwa kucha. Kalisa alikuwa pembeni yake, naye kwa kucha, na hawakutazamana.

Tundu likapatikana, kama sahani. Moshi ukatupiga usoni. Kisha ukatokea mkono mdogo, umeshika kitambaa.

Pretty alikuwa amemvuta Ingrid kutoka kitandani mpaka kwenye ile pembe, akamlaza chini, akamfunika uso kwa shuka. Mkono wake mmoja ulikuwa umeungua kiganja chote, kwa sababu mwanzoni alijaribu kuusukuma mlango wa chuma. Tulimtoa Ingrid kwanza, maana Pretty mwenyewe ndiye aliyemtanguliza. Ingrid alikuwa amelegea, midomo ina rangi ya majivu. Joselyne hakulia tena. Alimchukua, akawa anampulizia mdomoni bila kufundishwa na mtu.

Barabara zilikuwa tupu kwa ajili ya umuganda. Kijana wa moto, yaani pikipiki ya abiria, aliyekuwa nasi mtaroni aliwapakia Joselyne na mtoto, mwingine akampakia Shallon na Pretty, wakashuka kuelekea Sonatubes mpaka hospitali. Pikipiki ya kwanza ilikuwa ya umeme, wala hatukuisikia ikiondoka. Nalisema hili makusudi, kwa wale walioanza siku ileile kudai kwamba vitu vya umeme ni vya kishetani.

Ingrid alikaa siku tisa na mpira wa hewa puani. Siku ya nne madaktari walituambia tuombe. Tuliomba, Wakatoliki na Waadventista na hata wale ambao hatuwaoni kanisani. Siku ya sita alifungua macho akaomba uji. Amepona, namshukuru Mungu, ila kifua chake hakijarudi. Akiruka kamba mara kumi anaketi.

Siku ya pili nilikuwepo wodini, upande wa Pretty, Kalisa alipoingia. Alikuwa amevaa shati la juzi. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Kalisa alipiga magoti, akaweka kichwa kwenye shuka, akasema, "Mwanangu, Papa alikuja. Nilikuja mbio kukutoa."

Pretty alimtazama. Hakuwa na hasira, mtoto hajui kuweka hasira. Alikuwa anaeleza tu.

"Nilikusikia, Papa," alisema. "Nilimwambia Ingrid, usilie, Papa amefika. Halafu ukasema wasivunje gari."

Shallon alitoka nje. Nilimfuata kwenye korido, nikamkuta amesimama akitazama ukuta. Akaniambia, "Mama, lile kosa la waya ningemsamehe. Ni ujinga, watu wote tuna ujinga. Yale maneno nitayapeleka wapi?" Miezi miwili alikaa kwa dada yake Remera na mtoto. Sasa amerudi, wanaishi, wanasalimiana. Pretty anapanda gari kwenda shule, anakaa nyuma, anatazama dirishani. Zamani alikuwa akiimba.

Niyongabo aliihamishia familia yake Gahanga. Kalisa alikwenda kumwomba msamaha mara tatu, na mara ya tatu alipewa kiti. Hapo ndipo walipofika.

Na gari? Gari lilipona. Kioo kimebadilishwa, boneti imenyooshwa. Wapimaji walikuja, wakachunguza, wakasema gari na betri yake havikuwa na kosa lolote. Jean-Berchmans alivuta ile laini mpya kutoka kwenye mita, na breka yake peke yake. Alianza baada ya chai, kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza. Safari hii hakusema "Voilà". Alikusanya koleo zake, akamwambia Kalisa, "Ni hii tu niliyokuwa nakuomba," akaondoka.

FUNZO

Ndugu zangu, msiende kusema Mukamana amewakataza magari ya umeme. Hewa ya Kigali ni yetu sote, na serikali ikikuondolea kodi ili ununue chombo kisicho na moshi, pokea kwa mikono miwili. Lakini ule msaada una masharti yake, na masharti hayo ndiyo yanayomlinda mwanao. Sikiliza mkutano hadi mwisho. Ulichookoa kwenye kodi, kiingize kwanza kwenye waya, rimu zitakungoja. Breka ikikataa mzigo, itii. Mlango wa mtu usiuzibe kwa mali yako, hata kwa saa moja. Na mtu mdogo akikuambia ukuta una moto, nenda ukaushike kabla hujamwuliza amesoma wapi. Mali ukiipenda kupita kiasi, upendo huo utakuponyoka mdomoni siku mbaya, na wanao watakuwa wanasikia.

Hayo ni ya Kalisa, na yeye ameniruhusu kuyasema. La kwangu ni hili. Mimi niliambiwa Jumatano, nikasema nitamwambia. Alhamisi nikapanda gari, Jumamosi nikasema leo kwenye mkutano. Kalisa alitekwa akili na gari lake mwenyewe. Mimi nilinunuliwa kwa safari moja ya Kimironko.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu nitabisha milango yenu tena. Mtaniona naweka kiganja ukutani kabla ya kuuliza jina. Msinicheke, na mwenye mtoto mgonjwa abaki naye.